Mgongo wa Chupa

Jumatano ya kwanza ya mwezi, hapa Kibaigwa,
redio inasoma bei mpya, mkoa kwa mkoa,
kwa sauti ile ile isomayo vifo.
Nafungua daftari la mashine, nafuta
namba niliyoiandika mwezi jana kwa penseli.
Dizeli ndiyo iliyonifundisha penseli.

Lugha yetu ina mzaha wake:
mafuta ya kukaangia, mafuta ya kujipaka,
mafuta ya gari. Neno moja,
nasi tumepakwa yote
kwa mgongo wa chupa.

Sechelela ameleta alizeti kutoka Hogoro,
magunia manne, nauli ya fuso imeshakula la tano.
"Kukamua gunia bei gani leo?"
Namwambia. Anahesabu kwa vidole, anarudia,
kidole cha mwisho kinabaki hewani,
hakina cha kushika.
"Juzi mlisema nyingine."
Juzi, mama, palikuwa na amani
kwenye mlango mmoja wa bahari
ambao mimi na wewe hatutauona,
na jina lake nimelijua
kwa kununua unga.

Mashine yenyewe ni Lista, imenizidi umri.
Inakunywa kwanza, ndipo sisi tule.
Na si yeye peke yake mnywaji:
dizeli imo ndani ya chumvi, ndani ya kiberiti,
imo kwenye sare ya shule,
imo ndani ya samaki wa Mtera
aliyekufa hajui gari ni nini.

Agosti ile pampu zilivikwa viroba siku nne.
Madumu yalipanga foleni yenyewe, yamefungwa kamba,
mpaka kwenye geti la soko la mahindi.
Ndahani akakaa akiitazama Lista yake.
Akainuka, akachukua dumu la alizeti,
yetu, tuliyoikamua wenyewe,
akaimimina ndani ya tangi.

Ikakohoa.
Ikakataa. Ikakohoa tena.
Ikawaka!
Moshi ukanukia maandazi,
watoto wa shule wakasimama mlangoni na mate mdomoni,
nasi tukacheka, jamani, tukapigiana viganja
kama watu waliomtoroka mdai.

Jioni nikaandika.
Lita ya alizeti: elfu sita.
Lita ya dizeli, hata kwa bei ya walanguzi: elfu nne na mia tano.
Nikapiga mstari chini.
Ndahani alisoma, akaufunga ukurasa taratibu,
kama anayemfunika mtoto aliyelala.
Siku ya tano tukarudi foleni na dumu letu.
Hatukutazamana.

Na upepo wa Ugogo unavuma,
tangu saa nne asubuhi mpaka kuku waingie bandani,
unaangusha ndoo, unabeba kanga za watu, unang'oa bati,
kijana mwenye nguvu asiye na ajira.
Jua nalo liko pale pale, utosini.
Mtaani kuna paneli moja tu, kwa Mahinyila kinyozi;
inachaji simu, shilingi mia tatu.
Nimeuliza bei ya zile za kuzungusha mashine.
Nimeiandika ukurasa wa mwisho wa daftari,
hiyo kwa wino:
misimu saba, kama hatutakula.

Usiku malori yanapita kwenda Rwanda, kwenda Kongo,
HATARI mgongoni kwa herufi nyekundu.
Vikombe vinagongana kabatini.
Mwanangu anaamka, anauliza yamebeba nini.
Mafuta, nasema.
"Ya kupikia?"
Namvuta shuka.
Lala, namwambia. Lala.