Mi-

Daktari Parvane alipanga chumba chetu cha nyuma,
Majengo, miezi minane, kodi tarehe moja
kama mtu anayeogopa deni kuliko volkano.
Umeme ukikatika tulibadilishana vitenzi,
nampa kimoja, ananipa kimoja,
mshumaa katikati kama mpima mizani.

Miraftam, akasema.
Nikadhani mi ni mimi,
mi huyu huyu, mi nakwenda zangu.
Akacheka hadi mwali ukayumba.
Mi si mtu, akasema. Ni kitenzi
kilichotoka bila kufunga mlango.

Nikamweleza ya kwetu.
Mwalimu Kambere, kule Katindo, rula vidoleni:
-nge- ni ya jambo lenye pumzi bado,
-ngali- ni ya jambo lililokwisha zikwa.
Changanya, na umemzika aliye hai.
(Sokoni Virunga tunachanganya kutwa,
na nyanya zinanunuliwa.)

Nipe mfano, akasema.
Sikwenda mbali. Nikagonga ukuta:
jiwe jeusi, vitundu vitundu kama mkate,
ule moto wa elfu mbili na mbili.
Ulipopoa tuliupasua kwa nyundo,
tukajenga nyumba juu ya nyumba.
Chini ya miguu yako, daktari, kuna jiko,
kinu cha sombe, na sufuria
ambayo mama aliirudia.

"Kama moto usingalikuja,
mama angalikuwa anapika."
Ngali zote mbili mahali pake.
Rula ya Kambere isingepata pa kutua.

Akaandika polepole, kutoka kulia:
agar âtash nemiâmad, mâdaram mipokht.
Mipokht, akasema: angepika.
Angalipika pia, sisi hatutengi.
Na tena (hapo akakwangua nta mezani)
alikuwa akipika. Alizoea kupika. Kila siku.
Neno ni hilo hilo.

Hilo hilo?
Hilo hilo. Iko na bud, ya kutia mwishoni
ukitaka kufunga kabisa.
Mimi siitumii sana.

Sikumuuliza alikuwa na nani kwao.

Ameondoka Machi, na ndege ya saa nne.
Kaniachia daftari, viatu vya mvua,
na kiulizo kimoja ambacho sikijui jibu:
watu wanaokumbuka na kutamani kwa neno moja,
wanalala vipi?

Asubuhi hii chukudu zinashuka na mkaa,
zinalia kwenye mawe.
Nasonga bugali kwenye jiko
lililo juu ya jiko.
Mipokht, nasema, nikigeuza mwiko,
na sijui nimesema lipi kati ya matatu.

Asifiwe, daftari la shule kwapani:
"Mama, nani huyo unamsema?"

Nikamwambia onja sombe,
uniambie kama chumvi imefika.