Maagizo ya Erminda kwa Simu

Siku ya kwanza alisema: usimguse mchana.
Kuku anayeatamia hubebwa gizani,
mkono mmoja chini ya kifua, mwingine juu ya mabawa,
na usiongee, Nolberto, wewe huongea sana.
Nikamhamishia jikoni, kwenye sanduku la tufaha
nyuma ya kuni, mbali na panya na mvua ya Septemba,
ambayo huku Lemuy hainyeshi tu, hulala na kuamka nasi.

Mayai kumi na moja, buluu iliyochujuka
kama shati langu la kazi.
Aliyatia alama ya penseli kabla ya kupanda feri,
misalaba midogo, mingine imepinda, mingine haikukutana,
maana jicho la kushoto lilikwisha kuingia ukungu
na la kulia lilikuwa linalifuata.

Mimi ni mtu wa mbao. Nimeunda mashua,
majeneza mawili, na mlango wa kanisa usiofunga vizuri.
Kuku nilimjua kwenye sahani.

Sasa kila alfajiri namwinua.
Ananidonoa palepale, kwenye kifundo cha dole gumba.
Teke la kuku halimuumizi mwanawe,
lakini mimi si mwanawe.
Nampa ngano iliyolowekwa, maji ya vuguvugu,
na sinia la jivu ajigaragaze, utitiri usimle.
Robo saa, alisema Erminda, ikizidi mayai yanapoa.
Anakunya mara moja, mzigo wa siku nzima,
hata paka anaomba mlango.
Kisha anarudi mwenyewe, hatua za mwizi,
anageuza yai kwa mdomo, na jingine, na jingine,
anajitandaza juu yake kama unga unaoumuka.

Usiku wa saba umeme ulikatika.
Vizuri, akasema, giza ndilo tunalolitaka. Washa tochi.
Liweke yai kwenye ngumi, mwanga upite kitakoni.
Niambie unaona nini.
Alikuwa wodini Puerto Montt, macho yote mawili yamefungwa,
nikamsikia mgonjwa wa kitanda cha pili akikohoa.
Nikamwambia: naona buibui mwekundu.
Miguu yake inatetemeka.
Ana nukta nyeusi.
Hilo ni jicho, akasema,
akanyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika.

Mawili yalikuwa matupu, mwanga ulipenya bila kukwama popote.
Niliyatoa. Sikumwambia hadi Jumapili.

Siku ya kumi na nane: basi, usimwinue tena.
Mwache na chakula karibu, na wewe kaa mbali.
Mimi nisiyejua kukaa
nikachonga kijiko. Nikachonga kingine, kibaya zaidi.
Nilipochoka kuchonga nikamtazama,
naye akanitazama kwa jicho moja, la rangi ya chungwa,
bila kupepesa, kama karani
anayejua faili lako halipo.

Siku ya ishirini nikasikia mlio ndani ya ganda,
mwembamba, kama msumari unaochomolewa.
Naye akaujibu chinichini,
kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa kuku,
ya mtu anayesema na mtoto aliye chumba cha pili.
Nikampigia Erminda, nikaiingiza simu sandukuni.
Sijui walisemezana nini hao watatu.
Nilipoitoa ilikuwa na kinyesi na mkwaruzo,
na mke wangu alikuwa akicheka na kupenga kamasi.

Moja lilibaki viza. Nililizika mbali, chini ya miti ya matufaha.

Alhamisi alirudi na miwani myeusi, mkono wake begani kwangu.
Wangapi? Saba, nikasema.
Akapiga magoti, akapenyeza mikono chini ya manyoya.
Kuku hakumdonoa. Hata hakusimama.
Midomo yake ilikuwa ikihesabu.
Wanane, akasema. Mmoja amelala bawani.

Mimi, mwenye macho mawili mazima,
tangu Jumatatu nilikuwa nahesabu saba.

Akainuka polepole, akapapasa hadi kwenye jiko,
akauliza ni nani aliyehamisha sufuria yake.