Mwavuli wa Marehemu

Tangazo tuliliandika kwa chaki ubaoni
pale Igogo, jirani na mashine ya kusaga:
Siku nne za picha za Kijapani.
Walioziongoza wote ni marehemu.
Kiingilio mia tano.
Mtu akapita, akasoma, akauliza:
"Wote? Kwa ajali gani?"

Si ajali. Ni sigara, ini, uzee,
na miaka, ambayo huko nako haina huruma.
Bwana aliyezileta kanda alivuka nazo kutoka Bukoba
ndani ya kreti la soda, kazifunika kanga,
akanikabidhi na karatasi ya majina.
Niliyasoma mbele ya watu, jenereta ikikohoa,
nikitegemea kujikwaa. Sikujikwaa.
Karibu kila jina linaishia irabuni, kama yetu.
Ungedhani ni watu wa Sengerema
waliotangulia kabla hatujawazoea.

Usiku wa kwanza walijaa vijana wa Mabatini
waliofuata panga.
Wakazipata panga tatu, zimelala alani,
na wanaume watatu wanatazamana kwenye theluji
hadi mmoja akainama kufunga kamba ya kiatu,
wenzake wakaenda zao.
"Rudisha hela!"
Nikarudisha za wawili. Wengine walikuwa wamelala.

Mtafsiri wetu ni Nkwabi.
Huyo hajawahi kushindwa na picha.
Ya Kihindi, ya Kikorea, huzisemea zote
kwa sauti ileile ya kokoto:
mama akilia, yeye ndiye mama,
gari likiwaka, yeye ndiye moto.
Kijapani hajui. Kihindi pia hajui.
Anajua watu.

Usiku wa tatu, mwanamke ndani ya nyumba ya mbao
anatoa mwavuli nyuma ya mlango,
anauosha kwenye beseni, ubavu kwa ubavu,
anaufungua sebuleni ukauke.
Kisha anakaa chini yake.
Nje jua linawaka.
Na mwongozaji, Mungu amrehemu, kaiacha kamera hapohapo
kama mtu aliyesahau mzigo stendi.

Nkwabi akasogeza kipaza sauti.
"Sasa hapa," akasema. "Sasa hapa huyu dada..."
Akanyamaza.
Miaka kumi na tisa nazungusha picha na Nkwabi
na kimya chake sikuwa nakijua.
Vinzi vya ziwa vilikuwa vimeingia dirishani,
vikafuata mwanga wa projekta, vikajaa,
vivuli vyao vikamnyeshea yule mama
mvua ambayo Mjapani hakuipiga picha.

Ndipo nyuma, kwenye benchi la ukutani,
Mama Ng'walu, muanika dagaa wa Mwaloni,
aliyeingia kukwepa upepo tu, hana tiketi,
akasema, wala si kwa nguvu:
"Amefiwa huyo. Mwavuli ni wa mumewe.
Mimi mabuti ya Lugendo niliyaosha hivyohivyo.
Nikayaanika.
Sijui nilikuwa nayakausha avae nani."

Kipaza sauti kikapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono,
kijana mmoja wa panga akimfikishia kwa mikono miwili.
Hakukisemea. Alikipakata
kama kuku wa kupewa ugenini,
na picha ikaenda bila msemaji
hadi majina yalipoanza kupanda.

Usiku wa nne walikuja kumi na wawili kutoka Mwaloni,
wananukia dagaa, wamelipa, hawataki chenji.
Wanataka ile ya mwavuli.
Nikawaambia imeshatangulia Musoma na mwenyewe,
iliyobaki ni ya mchunga farasi, nayo nzuri.
Wakatazamana. Wakakaa, vikapu magotini.

"Aliyeitengeneza yuko wapi?" akauliza mmoja wao.
"Ni marehemu, mama. Tangazo linasema."
"Sisomi matangazo. Pole."
Aliniambia mimi,
kana kwamba msiba ulikuwa wa nyumbani kwetu.
Nilitaka kumweleza. Kisha nikaona, nieleze nini?
"Tumeshapoa," nikaitika,
nikazima taa.