Ng'ombe Wote Waliitwa Mansikki

Aatu, kiti hiki kinalia upande wa kushoto. Usikitengeneze.
Kitakuamsha saa tisa usiku, theluji ya Kuopio imefika dirishani
na ulizo la mtu asiyejua kuuliza
limeing'ang'ania seva kama mtoto mguu wa mamake.
Kesho nastaafu. Karatasi za ofisi utazisoma mwenyewe.
Haya hayamo.

Anza na "ambapo".
Kabla ya kitenzi, kabla ya jina la jedwali,
kabla hata ya kahawa: ambapo.
Mimi niliandika badilisha, nikaandika jina, nikaandika Mansikki,
nikabonyeza, maana sauna ilikuwa imeshapata moto,
na amri iliyopaswa kumgusa ng'ombe mmoja wa Siilinjärvi
ikawagusa elfu kumi na moja mia nne na wawili.
Mashine haioni aibu kwa niaba yako.
Ilisema: mistari 11,402 imebadilishwa.
Ilisema kwa adabu.

Utaniambia, si ungefungua muamala,
ukatazama, ukahesabu, ukabatilisha?
Ningefungua. Ningetazama. Ningehesabu.
"Ningejua" siku zote hufika na basi la mwisho.

Nikaikimbilia nakala ya akiba.
Miezi minane, kila usiku, iliandika "imekamilika",
taa ya kijani,
na ndani ya kanda hamkuwa na hata kwato.
Nakala ambayo hujawahi kuirejesha si nakala, Aatu.
Ni dua.
Kila Jumanne ya kwanza irejeshe kwenye seva kuukuu iliyo chini ya ngazi,
hesabu mistari, soma majina machache kwa sauti.
Utajiona mpumbavu. Jione.

Asubuhi simu zikaanza.
"Raili, tangu lini ng'ombe wangu wote ni mapacha?"
Siku tisa tuliuliza majina, zizi kwa zizi,
wengine wakasoma daftari lililoning'inia ukutani karibu na ndoo.
Paavo Tikkanen wa Nilsiä hakuhitaji daftari.
Aliwataja kwa mpangilio wa vibanda,
Omena, Kielo, Tähti, Muurikki,
akafika kwa Helmikki, akanyamaza.
"Huyo alikufa Jumapili," alisema. "Mwandike hata hivyo."

Ndiyo maana jedwali lile lina safu ya tarehe ya kuondoka.
Vijana wa Helsinki walitaka kuwafuta wafu ili kuokoa nafasi.
Diski ni rahisi. Weka tarehe, usifute.

Mengine, kama yanavyonijia:

Utupu si sifuri. Ng'ombe wa lita sifuri ni mgonjwa;
mwenye utupu, hatujui, labda kalamu iliganda.
Wala usiuulize utupu kama ni sawa na utupu.
Hautasema ndiyo. Hautasema hapana.

Faharasa huharakisha kusoma, lakini kila moja
ni mdomo mwingine wa kulisha kila unapoandika.
Nilikuta kumi na saba kwenye jedwali moja. Tatu zilikuwa zikifanya kazi.

Miamala miwili ikisubiriana kama majirani wawili mlangoni,
mmoja lazima afe. Wafundishe wote
kugonga milango kwa mpangilio uleule.

Siku moja mtu atakuomba uzime ufunguo wa kigeni,
"dakika tano tu."
Katika dakika tano hizo walizaliwa ndama mia tatu wasio na mama.

Nywila ya msimamizi haikai chini ya kibodi.
Iko chini ya kibodi. Ibadilishe.

Na namba 7731.
Shamba lake liliuzwa, simu ililia hadi ikakatika,
hakuna aliyejua aliitwaje.
Nilitaka kuacha pale patupu, kama ninavyokufundisha.
Kidole kilikataa.
Bado anaitwa Mansikki, na tarehe yake ya kuondoka ninayo.
Ukimwona kwenye ripoti, ukadhani ni kosa,
ni kosa.
Mwache.