Alama ya Dole Gumba

Fomu ya ridhaa ilitaka sahihi au dole.
Mama akachovya gumba katika wino wa zambarau,
akabonyeza, akainua:
doa tupu, laini kama ganda la yai.
Miaka ishirini na sita ya kubangua korosho, Newala hadi Mtwara mjini,
mafuta ya ganda yamevilamba vidole vyake
mpaka yakafuta jina.
Mashine ya kusajili laini ilimkataa mara tatu.
Kijana wa kibanda pale Chikongola akamwambia,
"Bibi, humu haupo."
"Nipo," akajibu Somoe binti Nalinga,
"na chenji yangu unayo mkononi."

Kwa hiyo nilipokata kipande cha ngozi yake,
kidogo kuliko punje ya ulezi,
nikakilea siku kumi na moja kisahanini
kwa maji ya chumvi na sukari, kama mtoto aliyeharisha,
nilikuwa na kesi moyoni, si utafiti.
Nandonde anayeandika ripoti anisamehe.

Hadubini yetu hii haina jicho. Ina ncha:
mrija wa kioo uliovutwa ukawa mwembamba
hata unywele, mbele yake, ni gogo la mvule.
Hupita juu ya seli hai bila kuigusa.
Hushuka, husita, hurudi, husogea,
kama kiganja cha anayepima homa ya mtoto aliyelala
asitake kumwamsha.
Umeme ndani ya mrija hupungua ukikaribia utando,
na kwa kupungua kule tunajua: hapa pana mtu.
Nukta kwa nukta, kompyuta ikaota ardhi.

Na ardhi yenyewe, jamani!
Nilitazamia uwanda.
Nikaona ukingo wa Newala asubuhi,
matuta, makorongo,
vidole visivyo na mkono vikiinuka, vikilala,
hakuna kilichotulia hata kwa heshima ya wageni.

Ndipo shimo likafunguka.
Hapakuwa na mlango pale. Ukuta wenyewe uliitika.
Chembe ya chuma, imebebwa mgongoni na protini yake, ilipiga hodi;
kipokezi kikasema karibu;
na chini, upande ambao ncha yetu haufikii,
protini za miguu mitatu, mafiga yasiyo na moto,
zilikuwa zinashikana, zinasuka pakacha,
pembe tano, pembe sita,
mpaka utando ukabonyea, ukawa kifuko, kifuko kikaota shingo,
na shingo ikakazwa kamba.
Kwisha.
Uso ukajifunga bila kovu.
Sekunde themanini; nilizihesabu kwa midomo.

(Kirusi naye hupiga hodi, kwa sauti ya jirani,
naye huambiwa karibu.
Adabu ya nyumba ndiyo ufa wake.)

"Kile kifuko kinakwenda wapi?" Nandonde akauliza.
Kinapakuliwa. Chuma kinabaki.
Utando unarudi juu, unakuwa ukuta tena.
Kwa saa chache seli inaweza kuumeza uso wake karibu wote
na bado ikawa na uso.
Hakuandika. Alikuwa anatazama mikono yake.

Saa tatu na dakika ishirini umeme ukakatika.
Gesi inatoka Msimbati hapo, inatupita, inakwenda zake mbali;
jenereta letu lilikohoa kama mzee aliyeulizwa deni.
Picha ikafia katikati:
juu milima, chini mistari mitupu iliyolala sambamba.

Niliichapa hivyo hivyo, nikampelekea.
Mama akaigeuza juu chini, akaisogeza dirishani.
"Hii nini?"
"Ngozi yako."
Akanyamaza. Gumba lake likapita juu ya karatasi, polepole, bila kubonyeza.
"Si ina mistari hii hapa!"
"Hiyo ni ya umeme, mama. Ulikatika."
"Wewe nyamaza," akasema,
akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa kadi ya kliniki.
"Kesho nakwenda nayo Chikongola."