Fomu Haikubali Sifuri

Shangazi yangu Evarista Choque huhesabu heroe.
Mimi hubeba darubini.
Wizara humlipa siku mbili kwa mwaka,
na sahani ya supu
kama gari la Oruro limekuja na mpishi.

Mwaka wa kwanza alihesabu kumi kumi,
kisha mia mia, kisha akaiweka kalamu chini,
maana ziwa lote lilikuwa limeona haya,
wekundu toka ukingo hata ukingo,
na walipopaa, anasema,
ilikuwa kama mtu kakung'uta blanketi
na sisi tumo ndani.

Sasa hakuna ziwa.
Kuna mahali pa ziwa.
Chumvi, chini ya chumvi tope, chini ya tope
kile ambacho mgodi hukitema usiku
na asubuhi hukikana.
Mito miwili ilikuwa ikija kulala hapa.
Mmoja umepewa mashamba,
wa pili umepewa bomba,
na bomba halisemi linakokwenda.
Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Haya hayakumwagika.
Yalitiwa sahihi.

Waziri alikuja kwa helikopta.
Alingoja ndani hata vumbi alilolitimua likatulia,
akashuka na poncho mpya
yenye mikunjo ya dukani.
Alitangaza Hali ya Dharura.
Alitangaza Mpango wa Kuliokoa Ziwa, awamu tano,
akapiga picha na samaki mkavu
ambaye mpiga picha alimsogeza mara tatu
kufuata mwanga.

Miezi kumi na minne baadaye
awamu ya kwanza ikafika juu ya lori:
boti mbili za injini
na majaketi thelathini ya kuelea, rangi ya chungwa.

Siku hiyo hatukucheka.
Jaketi moja sasa ni tandiko la punda wa Abdón.
Moja limeziba dirisha la Saturnina, upepo usipite.
Mtoto wa Nilda hulalia la kwake,
lina filimbi, huipuliza katikati ya usiku
na kijiji kizima huamka
kumtafuta anayezama.
Ndani ya boti kuku hutaga.

Tukarudi kwenye fomu.
Safu ya tisa: Idadi ya ndege walioonekana.
Shangazi akaandika 0.
Fomu ikarudi kwa posta: Haijajazwa ipasavyo.
Akaandika Hakuna.
Ikarudi.
Akaandika, kwa mwandiko wake wa shule ya jioni,
Njooni mwone wenyewe,
na hiyo haikurudi, wala pesa hazikuja.

Basi tukapanda basi mpaka La Paz,
tukapanda ngazi sita kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu.
Karani, binti mpole, si kosa lake,
aligeuza kompyuta tuone kwa macho yetu:
penye sifuri, kisanduku kinakuwa chekundu.
Wekundu wa kwanza niliouona kwa miaka saba.
"Andika hata moja, mama," alisema,
"mfumo usogee."

Shangazi akatazama ukutani.
Kwenye kabati la kioo, kati ya bendera na saa,
alisimama heroe aliyejazwa nyasi,
macho ya shanga, mguu mmoja waya,
shingoni kibandiko: Mali ya Wizara.

Akaninyang'anya darubini,
ingawa zilikuwa hatua mbili tu.
Akamtazama kama alivyofunzwa,
shingo, bawa, mdomo,
muda mrefu, mpaka watu wa foleni wakaguna.
Halafu akaandika:

Idadi: moja.
Mahali: ghorofa ya sita.
Kina cha maji: hakuna.
Tabia: haruki, hali, halii.

Kisanduku kikageuka kijani.
Karani akagonga muhuri.
Mwaka ule tulilipwa kwa wakati, siku zote mbili.
Supu hapana.