Dakika Nne

Kutoka Ziwa Erie inakuja kwa magunia,
wala haina sauti, ndiyo hila yake:
unaamka, mtaa umefutwa.

Natoka zamu ya usiku kiwandani,
mikono ingali inanuka plastiki ya moto,
na kabla sijafungua mlango wangu
nachukua koleo, navuka barabara,
nakutafuta.

Upo. Najua upo.
Hatua kumi na tisa kutoka nguzo ya taa,
chini ya kichuguu walichokurundikia
watu wa manispaa na magreda yao.
Koleo linagonga chuma: ngo!
Kofia yako kwanza, rangi imebanduka,
kisha mabega mawili na minyororo yake,
kimo cha mtoto wa chekechea
aliyesahauliwa kuchukuliwa.

Kapteni Dombek alinipa siri yako:
kwamba tumboni huna hata tone,
maji yako yamelala futi sita chini, yasigande,
mpaka aje mtu na spana ndefu ayaamshe.
Nikacheka. Kumbe nawe
uhai wako umeuficha mbali na baridi hii.

Mwaka juzi, Februari, saa nane usiku,
nyumba ya Bi Wanda ilishika kutoka jikoni.
Gari liliwahi, siwezi kuwasingizia;
king'ora hakijamaliza kulia
wameshashuka, mitungi ya hewa mgongoni,
wawili wakaingia moshini wakitambaa.
Maji ya garini ni ya dakika chache tu,
na yule binti, Renner, alikuwa anachimba.
Kwa koleo, kwa buti, kwa mikono,
si hapa, si hapa,
anapekua theluji kama anayetafuta mtu.
Nami nimesimama dirishani na chai yangu.
Nilijua ulipo!
Kila Jumatano nilikuegemezea mifuko ya taka.
Dakika nne.

Bi Wanda walimtoa hai,
kafungwa blanketi, anauliza kasuku wake.
Orofa ya juu ilianguka saa nane na nusu.

Wanaosema dawa ya moto ni moto
hawajasikia mbao za miaka mia zikipasuka.

Na hili sikumwambia Dombek.
Kwetu, nikiwa darasa la sita,
liliungua duka la magodoro la Kitwana.
Gari la zimamoto likafika, halina maji.
Tukacheka, kisha tukaokota mawe.
Langu lilikuwa dogo, kama limau,
likampata mmoja wao sikioni.
Hakukimbia. Aliushika mpira mkavu,
akauelekeza kwenye moto,
akasimama hivyo hivyo
kama mtu aliyeshika mkono wa maiti.
Tangi nani hakulijaza? Fedha ya pampu nani aliila?
Hatukuuliza.
Jiwe halina maswali.

Basi nachimba. Mita moja kila upande,
kama karatasi ya kikosi inavyoagiza,
na kijia cha kufika barabarani.
Mwamvita anasema toka dirishani:
Na hiyo nayo utalipwa lini?

Leo gari lao limepita polepole, limenyamaza,
linatoka kuwafungia wazee ving'ora vya moshi darini.
Renner akashusha kioo.
Akanitazama, akakutazama wewe,
mweusi wa unyevu, mkavu wa tumbo, uko wazi.
Nilitegemea asante, sitadanganya.

"Barabara hii yako kumi na mawili," alisema.
"Kumi na moja bado yamezikwa."

Wakaondoka.
Mgongo unauma. Mayai yanapoa mezani.
Theluji imeanza tena, nyembamba, kama unga wa kuchekecha.

La pili liko kona ya kanisa, nadhani,
au mbele kidogo.